Mtoto Aliyeletwa Tassia

Mideva ni jirani yangu wa mlango kwa mlango hapa Tassia, Nairobi, ghorofa ya nne, na leo nitamsifu mpaka asiyetaka kusikia aondoke. Wale mnaopenda kusema kwamba mwanamke asiye na mtoto ana roho ngumu, nyinyi kaeni. Mimi nina watatu, na kama ni ugumu wa roho, njooni muwaulize wanangu wakati wa kuoga.

Anafanya kazi katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area. Mumewe, Bwire, ni dereva wa lori. Wameoana miaka mingi na hawana mtoto kwa sababu hawataki. Aliniambia hivyo waziwazi tukianika nguo juu ya paa, bila kushusha sauti, na wanawake wengine wako pale pale na ndoo zao. Nikamwuliza kwa nini.

"Sababu ni kwamba sitaki, Kalekye. Watoto nawapenda vile napenda harusi. Naenda, nakula, nacheza, halafu narudi kwangu nikalale."

Na si uongo. Keynan wangu, kitinda mimba, nilishindwa kumfundisha kufunga kamba za viatu. Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Mideva alikaa naye kwenye ngazi wakitafuna biskuti zilizovunjika za kiwandani, na kabla chai yangu haijachemka mtoto alikuwa anajifunga mwenyewe.

Bwire ni mtu mzuri, lakini ana kasoro moja inayonichemsha damu. Kila mama yake alipompigia simu kutoka Busia kuuliza habari za wajukuu, alijibu, "Mama, tunamngojea Mungu." Mwanamume anayeshusha lori zima mteremko wa milimani kwenye mvua, anaogopa kumwambia mama yake neno moja la kweli! Basi mama akaamini kwamba mkaza mwana wake ni tasa, akamhurumia kwa moyo wote. Huruma hiyo ndiyo iliyoleta mambo.

Maana katika ukoo wao, mwanamke aliyenyimwa mtoto haachwi hivi hivi. Jamaa humletea mmoja wa kwao. Mwenyewe haombi. Anapewa mbele ya shahidi, kwa sala, na tangu siku hiyo yeye ndiye mama wa mtoto huyo. Ni heshima kubwa sana, na kuikataa ni kumvua nguo aliyeileta.

Jumamosi moja Mama Bwire aliwasili pamoja na Norah, dada yake Bwire, na binti wa Norah aitwaye Marion, wa miaka mitano. Kwa mila yao mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hivyo walilala kwangu, kama ilivyo kawaida mama huyo anapokuja Nairobi. Sikushuku kitu. Asubuhi nikikoroga chai ndipo aliponisogelea akiwa na uso wa sikukuu.

"Kalekye, mwanangu, leo utakuwa shahidi. Tumemletea Mideva mtoto."

Mwiko ulinidondoka. Nilikimbia kugonga mlango wa pili, nikakuta Mideva ameshaenda kanisani na kwaya, na simu ameizima. Bwire, aliyenifungulia, sikumwambia kitu. Nilimwangalia tu, na kwa jinsi alivyokwepa macho yangu nikajua ameshaambiwa.

Mchana aliporudi alikuta wageni wameshaingia kwake, sikupata nafasi ya kumnong'oneza, tukaketi sebuleni. Kuku wa kienyeji alikuwa amefungwa miguu mlangoni, karibu na mfuko wa unga wa wimbi. Marion alivalishwa gauni jipya la manjano, nywele zimesukwa vizuri, na mgongoni amebeba begi lililojaa nguo zake zote. Mideva alidhani ni ziara tu. Akamimina soda, akamtania mtoto kuhusu meno yaliyomng'oka. Ndipo Mama Bwire akasimama, akasali sala ndefu kuhusu Hana na Sara wa Biblia, waliochelewa kuzaa, akamsukuma mjukuu wake mbele taratibu.

"Mideva, mwanangu, Mungu alichelewa, sisi hatukuchelewa. Huyu ni wako."

Na Marion, aliyefundishwa njia nzima, akasema, "Mama, nimekuja kukaa."

Mideva akimkataa mtoto mbele ya macho yake, mtoto atakua akijua kwamba alitolewa na mmoja na kurudishwa na mwingine. Akimpokea, atakuwa mama kwa miaka yote iliyobaki kwa sababu mumewe aliogopa simu. Sikuona njia ya tatu. Bwire alikuwa anakagua viatu vyake.

Mideva alichuchumaa mbele ya Marion.

"Karibu sana. Hilo begi si zito?"

"Ni zito."

"Hebu tulitue." Akalivua pole pole, akaliweka kwenye kiti. "Mimi ni anti Mideva. Na mama yako ni nani?"

Marion alimtazama nyanya yake, akatafuta jibu alilofundishwa, kisha akamwonyesha Norah kwa kidole.

"Umejibu vizuri. Una mama, na una anti, na hakuna anayekuondokea. Sasa enda hapo kwa Keynan, mlango uko wazi, wanacheza. Chakula kikiiva nitakuita mimi mwenyewe."

Mtoto akatoka mbio. Mideva alingoja mpaka akasikia kicheko upande wa pili, ndipo akafunga mlango. Mimi nimezaa mara tatu na nimegombana na mume mbele ya wote watatu. Kuondoa kwanza masikio ya mtoto, hilo halijawahi kunijia akilini.

Kisha akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama, asante. Sijawahi kupewa kitu kikubwa hivi. Lakini mimi sijanyimwa. Nimeamua kutozaa, na Bwire anajua. Bwire, sema."

Bwire aliinua macho kutoka kwenye viatu. "Ni kweli, Mama. Tulikubaliana kabla sijamwoa. Mimi ndiye nilikudanganya."

Mama Bwire alikaa chini ghafla. "Mwanamke anaamua aje kitu kama hicho? Na mimi nimekuwa nikililia tumbo ambalo halina ugonjwa?"

"Ulinililia, Mama?"

"Kila Jumapili!"

"Pole sana. Hayo machozi ni yangu na ninayapokea. Mtoto simpokei."

"Norah amekubali kutoa damu yake! Huoni uchungu wake?" Mama alikuwa amepandisha sauti sasa.

Mideva akamgeukia Norah. "Norah, ulitaka kumtoa?"

Sote tulijua atakachojibu. Mimi nilishashika leso kumpa.

"Nilitaka," Norah akasema.

Mideva akamsogelea.

"Nilitaka, mulamwa, wifi yangu, na si kwa ajili yako. Mama aliponiambia nilifurahi. Niko na wanne, na wa tano yuko hapa." Akagusa tumbo lake. "Nawapenda, Mungu anajua. Lakini kuna asubuhi wananiita na mimi najifanya bado nimelala. Nikasema mmoja akienda, labda nitapumua. Halafu jana nikimsuka nikaona nikirudi bila yeye nitakufa. Na bado nilitaka. Mimi ni mama gani?"

Nilikaa na leso yangu mkononi. Maneno hayo nilikuwa nikiyajua, kila mwanamke wa ghorofa hii anayajua, lakini sikuwahi kuyasikia yakisemwa sebuleni mchana, Mama Bwire akiwa ameketi pale. Nilimwonea Norah fahari hadi machozi yakanitoka mimi.

Mideva aliinuka akaingia chumbani, tukamsikia akikung'uta shuka na kutandika kitanda. Aliporudi alipiga magoti tena.

"Mama, kwa ruhusa yako. Mtoto simchukui. Norah ndiye nitamchukua. Atakaa hapa mpaka mgongo umnyooke. Kesho Bwire anapeleka mzigo Malaba, atawapitisha nyumbani wewe na Marion. Ulitamani wajukuu, Mama. Wako wanne, na watatu wanakungoja."

Kicheko kilinitoka puani, nikajifanya nakohoa.

"Na mume wa Norah?" Mama Bwire aliuliza.

"Atakula kwako."

Yule mama alimgeukia bintiye. Nilidhani atalaani. "Mimi nilizaa tisa," akasema. "Hakuna aliyewahi kunitandikia kitanda." Akasimama, akakunja mikono ya gauni, akatuambia tuchemshe maji, kuku achinjwe.

Jioni tulipokula, Mama Bwire ndiye aliyepakua. Kwao firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba na mwanamke haigusi. Bwire alikuwa ameshasogeza sahani. Mama akaipita, firigisi akamwekea Norah. Bwire alimeza ugali wake mkavu na hakulalamika, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilimpenda kidogo.

Waliondoka alfajiri. Marion alikaa mbele na nyanya yake, begi magotini, akimpungia mama yake mkono kama mtu anayekwenda matembezi. Norah alilia mpaka lori lilipokata kona, kisha akapanda ngazi, akalala mpaka saa sita mchana. Mideva alikuwa ameomba ruhusa kazini. Tulikuwa jikoni kwake tunaosha vyombo vya jana, taratibu, ili tusimwamshe.

"Na wewe?" aliniuliza bila kugeuka. "Wale wako watatu. Uliwataka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ndilo jibu tunalolitoa kliniki, kanisani, kila mahali. Lakini mbele ya mwanamke huyu, baada ya yale niliyoyaona, uongo ulikataa kutoka.

"Wawili," nikasema.

"Na Keynan?"

Niliisugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi. "Keynan nilimtaka alipokwisha kufika."

Mideva aliichukua ile sufuria mikononi mwangu, akaisuuza, akaipanga. "Mimi kukataa kulikuwa rahisi, Kalekye. Nilikuwa na hakika tangu mwanzo. Wewe ulifungua mlango bila hakika, na mtoto akaingia, na hata leo hajui kwamba ulisita. Mimi hiyo siwezi."

Akanipa sufuria nyingine. Niliishika tu, nikashindwa kuiosha, kwa sababu katika miaka yote ya kuwa mama hakuna aliyewahi kunisifu kwa hilo.