Kulia, Malkia

Wazo la kuwapandisha baiskeli watu wasioona lilitoka kwa Spoki, na kama mawazo yake mengi, lilianza kwa kuchekwa. Spoki alikuwa fundi wa baiskeli. Ndiye aliyekianzisha chama cha waendesha baiskeli, kile kilichokuwa kikikutana kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja ulio nyuma ya jumba la sinema lililofungwa. Mwaka ule walikuwa wakitafuta jambo la kuwafaa watu. Mmoja alitaka wapande miti, mwingine wapake rangi ukuta wa zahanati. Spoki akapanda juu ya kreti la soda.

"Miti imepandwa mpaka inakanyagana," alisema. "Mimi nataka mtu asiyeona naye apigwe na upepo usoni."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, kisha wakakubali.

Baiskeli za viti viwili zilipatikana kwa kuombaomba. Moja ililetwa na dereva wa gari la wagonjwa, akiwa ameifunga kamba juu ya gari lake mwenyewe. Ilikuwa ya kijani, nzito kama lawama, na usukani wa nyuma ulikuwa umezungushiwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. "Ilikuwa ya mzee," alisema. "Mzee hayupo tena. Chukueni." Akaondoka kabla hawajamshukuru sawasawa. Wakaibatiza jina la Pacha.

Bi Miwani ndiye aliyepewa Pacha aiongoze. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miguu ya nguvu, aliyefanya kazi ya kusaga vioo katika duka la miwani, na wenzake walimwamini kwa sababu hakuwa na papara. Nyuma yake aliketi Mkandaji, ambaye surua ilimpofusha akiwa mdogo na sasa alikuwa akikanda migongo ya watu katika kliniki moja mjini. Mkandaji alikuwa na mikono ya chuma na ulimi usiolala.

"Nikianguka," alimwambia Bi Miwani siku ya kwanza, "nakuangukia wewe. Kwa hiyo chunga ngozi yako."

Wakazoeana upesi. Kazi ya wa mbele ni usukani, breki na mdomo: kila penye kona au tuta anamwambia mwenzake mapema, naye anajiweka sawa. Bila hivyo mtu wa nyuma hushtuka, akajikaza upande usiofaa, na wote wawili wakalala chini.

Jumapili moja Bi Miwani aliamka na mafua, sauti imekauka kabisa. Alipofika uwanjani aliishika shingo yake na kutikisa kichwa. Spoki akaelewa.

"Dada," alimwambia Mkandaji, "leo mwenzako ni bubu. Nitapanda ubavuni kwenu, nielekeze mimi."

"Haya. Ila usinipigie kelele kama unauza nyanya."

Wakaanza safari kukiwa na ukungu. Barabara zilikuwa tupu, maduka yamefungwa, na taa za barabarani zilikuwa bado zinawaka ingawa kumekucha. Walipovuka daraja la reli, Bi Miwani aligeuza shingo na kuona Spoki hayupo. Kundi lilikuwa limeshatangulia na kumezwa na ukungu, na mbele yao palikuwa na mteremko wenye kona mbaya. Akajaribu kusema "kushoto", ikatoka pumzi tupu. Akashika breki, akasubiri mtikisiko wa mwenzake.

Haukuja. Mkandaji alikuwa ameshainama kushoto, taratibu, kama maji yanavyofuata mkondo. Kona iliyofuata vivyo hivyo. Mpaka wanaingia uwanjani, hakukosea hata mara moja.

Mkandaji alishuka akicheka. "Spoki nimemvulia kofia! Ameelekeza vizuri kuliko wewe, mwenzangu. Ila mwambie aache utani. 'Kulia, Malkia. Kushoto, Malkia.' Mimi malkia wa wapi?"

Wakati huohuo Spoki akatokea langoni, anaikokota baiskeli yake, tairi la mbele limelala.

"Samahani jamani," alisema akihema. "Nimetobokewa kabla ya daraja. Nimewaita, hamkusikia."

Mkandaji akaacha kucheka. Akageuza uso kuelekea alipo Spoki, kisha kuelekea alipo Bi Miwani.

"Basi nani alikuwa anaongea?"

Bi Miwani hakuwa na sauti ya kumjibu. Akamshika mkono tu. Ulikuwa wa baridi.

Wiki nzima Bi Miwani hakulala vizuri. Sauti ilimrudia Jumatano, na jioni hiyohiyo akampigia Mkandaji simu. Akamwambia wanaweza kubadilisha baiskeli, au wapumzike kidogo.

"Ile sauti ilitutakia mabaya?" Mkandaji aliuliza.

"Sijui. Sikuisikia."

"Mimi niliisikia. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, imechoka kidogo. Dada, wote wanaonielekeza siwaoni. Akiongezeka mmoja, mimi anipunguzie nini?"

Bi Miwani akakubali waendelee. Lakini Jumapili, alipokuwa akiipanda Pacha, aliomba dua kimoyomoyo.

Ukungu ulikuwepo tena. Alielekeza mwenyewe, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeimba gizani kujitia moyo. Walikwenda vizuri hadi kwenye kiwanda cha mbao, ambapo kundi hunyoosha kufuata barabara kuu.

"Moja kwa moja," alisema Bi Miwani.

"Yeye anasema kulia," Mkandaji akajibu kwa sauti ya chini.

"Nani?"

"Unamjua ninayemsema. Amesema mara mbili. Amesema tafadhali."

Kulia kulikuwa na uchochoro ambao hawakuwahi kuupita. Bi Miwani akahisi kanyagio zikisukumwa chini ya nyayo zake, na si kwa mguu wa mwenzake. Mguu wa Mkandaji aliujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Huu ulikuwa mzito, wa polepole. Akatazama dirisha la duka lililokuwa ubavuni. Macho yake yalikuwa yamezoea vioo, yanaona doa ambalo wengine hawalioni. Katika kioo kile aliwaona wanawake wawili juu ya baiskeli ya kijani, na nyuma yao ukuta. Hakuna kingine. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

Akakata kulia.

"Kushoto sasa," Mkandaji akawa anapokea maelekezo na kumpasia. "Tuta. Tena kulia, kuna shimo." Na kweli palikuwa na tuta, na kweli palikuwa na shimo. Wakapita nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo zilizoachwa nje zikalowa umande. Mbwa alilala katikati ya njia, akawatazama wakimpita, hakubweka. Mwishowe wakafika kwenye geti dogo lililokuwa wazi.

"Anasema tumefika," Mkandaji alisema. "Anasema piga kengele."

Bi Miwani akapiga. Barazani alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, amevaa viatu vya mpira na glavu zisizo na vidole, mikono juu ya magoti. Macho yake yalikuwa meupe, yanatazama juu kidogo ya vichwa vyao.

"Leo umechelewa," alisema.

Mlango ukafunguka, akatoka yule dereva wa gari la wagonjwa, kikombe mkononi. Alipoiona Pacha, kikombe kikamponyoka.

"Nani amewaleta hapa?" aliuliza. "Sikumwambia mtu ninapokaa."

Yule mama alikuwa ameshashuka ngazi, mkono umetangulia. Akaugusa usukani wa nyuma, akakipapasa kile kitambaa mshono kwa mshono.

"Uliniambia iko kwa fundi," alimwambia mwanawe.

"Mama, kila Jumapili ulikuwa unavaa viatu na kukaa hapo. Nilishindwa kukutazama. Nikasema ikitoka nyumbani, na wewe utapoa."

"Mimi si chai, mwanangu."

Mkandaji alishuka. Hakuulizwa, wala hakusubiri kuulizwa. Akaushika mkono wa yule mama na kuuweka kwenye kiti. "Panda, mama. Mimi nitakaa na huyu kijana wako tuokote vigae."

Bi Miwani akatoka na yule mama. Njia hakuijua, na hapakuwa na wa kumwelekeza, kwa maana yeye hakuisikia ile sauti hata siku moja. Alichokisikia ni upande mmoja wa mazungumzo. Nyuma yake yule mama alikuwa akijibu. "Ndiyo, Malkia wako anakula." Kimya. "Hapana, bati bado linavuja, mwanao ana mikono miwili ya kushoto." Kimya kirefu, kisha akacheka kicheko cha msichana. Kisha akalia kidogo. Miguu ya Bi Miwani haikuwa na kazi. Kanyagio zilikuwa zinakwenda zenyewe, hata kwenye mlima, naye alishika usukani tu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Waliporudi getini, yule mama alishuka bila kusaidiwa na kuivua glavu moja.

"Nilikuwa sijamuaga," alisema. "Aliondoka usingizini, mimi nimelala ubavuni pake. Nani anaagana hivyo?"

"Na sasa ameondoka?" Bi Miwani aliuliza.

Mama yule akatega sikio.

"Nimemwambia apumzike. Ila yule, hata alipokuwa hai, hakuwa msikivu."

Chama kilizungumza sana juu ya jambo lile. Spoki alitaka kuifungua Pacha vipandevipande. Mkandaji akamwambia ajaribu aone marehemu atakavyomfanya. Yakaisha hapo. Jumapili iliyofuata yule mama aliletwa na mwanawe, amevaa viatu vyake vya mpira, akauliza kama wana nafasi. Bi Miwani akamwonyesha Pacha, lakini mama akatikisa kichwa.

"Mimi nimeshapanda na huyo miaka mingi. Nipeni mtu mwingine nijue njia nyingine." Akapewa mwoka mikate, mtu mnene mwenye hadithi nyingi, na kabla hawajatoka uwanjani walikuwa wanacheka. Lakini alipompita Mkandaji, alimwinamia sikioni.

"Akikuelekeza, mjibu. Hapendi kunyamaziwa."

Bi Miwani na Mkandaji wakaondoka wa mwisho. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, barabara imenyooka mbele kama uzi, haina kona wala tuta mpaka macho yanapoishia. Bi Miwani alikuwa hajasema neno bado. Nyuma yake akamsikia Mkandaji akisema taratibu, kwa heshima:

"Nimesikia, baba. Asante."

Bi Miwani hakuuliza amesikia nini. Akapunguza mwendo, akaweka vidole juu ya breki, tayari kwa kitu ambacho macho yake hayajakiona.