Nafasi ya Yuster

Mwalimu Juvenali alimwondoa Yuster kwenye igizo zikiwa zimebaki wiki mbili, tena mbele ya wenzake.

Kikundi kilikuwa cha kigango kimoja cha Mugoma: wakulima tisa na yeye, mwalimu wa shule ya msingi, wakifanya mazoezi kila Jumapili baada ya ibada. Safari hii walikuwa wamealikwa Ngara mjini, kwenye tamasha la hisani la kuchangia vitanda vya bweni la watoto wasioona. Hadithi aliileta Yuster mwenyewe. Mama anamficha ndani mtoto wake asiyeona, miaka na miaka, kwa kuona aibu. Mwishowe anapiga magoti na kumwomba mtoto msamaha. Hakuna aliyemuuliza kaitoa wapi. Wote walimjua binti yake, Priscila, ambaye sasa alisoma akikaa bweni hilohilo.

Ila Yuster alichanganya l na r.

"Rara, mwanangu," alisema siku ile.

"Lala," Juvenali akamsahihisha.

"Rara."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo.

"Mama Priscila," Juvenali alisema, "kutakuwa na wageni kutoka mkoani. Tusije tukaonekana washamba. Happyness amemaliza kidato cha nne, atachukua nafasi yako. Wewe tusaidie mavazi."

Yuster alitazama chini. "Sawa, Mwalimu."

Mavazi aliyashona, tena yakapendeza.

Siku ya tamasha wageni walichelewa, hotuba zikawa ndefu, na kikundi kilichoahidiwa nusu saa kikaambiwa kina dakika kumi. Happyness aliingia jukwaani, akaviona viti vya mbele, na maneno yote yakamtoka kichwani. Juvenali alimnong'onezea kutoka nyuma ya pazia. Happyness akaruka sehemu nzima, akarudi nyuma, akanyamaza. Mtu mmoja akaguna.

Yuster alisimama karibu na Juvenali, ameshika sindano na uzi. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiyasema yote, neno kwa neno, bila sauti.

Juvenali alimwona. Alitaka kumwambia aingie, lakini angeanzia wapi, baada ya yale aliyomtendea? Akiwa bado anasita, mshereheshaji aliwashukuru wasanii kutoka Mugoma na kuita muziki. Mama wa kwenye hadithi hakufika hata kwenye magoti.

Njiani kurudi Happyness alilia. Yuster ndiye aliyemshika mkono mpaka Mugoma.

Siku ya tatu Juvenali alikwenda kwake. Alimkuta uani, anapura maharage.

"Nimekuja kukuomba radhi, Mama Priscila. Nilikosea."

"Vitanda vimepatikana?"

"Vimepatikana. Watu walichanga."

"Basi, ndilo tulilolifuata."

"Mwezi wa nane tutaliigiza tena, hapahapa kigangoni. Nataka urudi, useme unavyosema."

Yuster aliweka fimbo chini.

"Mwalimu, Priscila alikuwa pale ukumbini na wenzake. Yeye haoni, anasikia tu. Nilitaka anisikie mimi nikimwomba msamaha, kwa sauti yangu anayoijua."

 Miezi mitatu Juvenali alikuwa amesikiliza matamshi ya mwanamke huyu, na maneno yenyewe yakampita.

"Si unaweza kumwambia akija likizo?" aliuliza.

"Nimejaribu mara nyingi. Nikianza, nashindwa. Kwenye igizo ningeweza, maana ningekuwa mama mwingine." Akaokota fimbo yake. "Nilikuwa nimejipa moyo kwa siku ile moja, Mwalimu. Siku ile imepita."

Alimkaribisha uji, Juvenali akanywa, akaaga.

Mwezi wa nane kikundi kiliigiza hadithi nyingine, ya ugomvi wa mipaka ya mashamba, na watu wakacheka sana. Yuster alikuja na Priscila, wakakaa kwenye benchi la nyuma, akawa anamsimulia sikioni kinachotendeka. Juvenali aliwatazama kutoka jukwaani mpaka akasahau kwamba ilikuwa zamu yake kusema.