Marashi ya Udongo

Kila mwaka, kabla mvua hazijafika, mji wa Mahuakheri hupika udongo. Wanawake huuchimba kwenye bwawa lililokauka na kuuoka. Wanaume huuchemsha katika vyungu vya shaba, mvuke upite kwenye mwanzi, uzame ndani ya mafuta ya msandali. Kinachotoka ni harufu ya tone la kwanza la mvua. Wala hakiuzwi mpaka Harbilas, mnusaji mkuu wa mji, anuse, aseme, "Imeiva."

Girija, mkewe, ndiye peke yake aliyejua kwamba Harbilas hanusi kitu tangu homa ya majira ya baridi. Asubuhi moja ya msimu huo, kwenye karakana ya marashi, alisimama nyuma yake kama kawaida. Akigonga bangili mara mbili, imeiva; mara moja, bado. Heshima ya nyumba nzima ilining'inia kwenye mlio huo mdogo.

Jirani yao Chhedilal, mmoja wa wapishi wa marashi, alimpa Harbilas pamba iliyochovywa kwenye mafuta mapya.

"Haya, mfalme wa pua! Au leo umeisahau nyumbani?"

Karakana ikacheka. Girija akavuta pumzi, na papo hapo upepo ukaingia mlangoni, mpana, wa baridi, umebeba mvua iliyokuwa bado mbali mashambani. Hakuweza tena kutenganisha harufu ya chungu na harufu ya mbingu. Hakugonga bangili. Watu wote wakanyamaza, wakainua nyuso, macho yamefumbwa, kana kwamba wameitwa kutoka usingizini.

Harbilas peke yake alibaki ameinamia pamba.

"Mbona mmenyamaza?"

Chhedilal akafumbua macho. "Kaka... kwani wewe husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Girija akatoka nyuma ya mumewe.

"Hanusi. Tangu baridi, pua ni mimi."

"Shemeji! Kwa hiyo yale mafuta yangu yaliyokataliwa..."

"Niliyakataa mimi. Yalinuka moshi."

"Yalinuka moshi kweli," Chhedilal alikiri, na kicheko kikarudi, laini. Akaichukua pamba mkononi mwa Harbilas, akamnyooshea Girija. "Basi tuambie wewe."

Girija akangoja upepo upite. Akanusa, taratibu.

"Bado. Ongezeni kuni."

Chhedilal mwenyewe akainama kuchochea moto. Harbilas akajisogeza mkekani, akamwachia mkewe nafasi ya mbele.