Ulezi wa Dominika na Namba Pacha

Mzee Theodory alifika ghalani Laela kuchukua gunia lake la ulezi, mvua zikiwa zimekaribia. Na usione gunia tu, bwana. Ile ilikuwa mbegu aliyokuja nayo marehemu mkewe, Dominika, siku anaolewa. Iliyobaki nyumbani panya walishaimaliza.

Jovina, karani, akaandika namba ya mzee kwenye kompyuta.

"Babu, huu ulichukuliwa jana. Na Kashinje wa Mtowisa. Namba yenu moja."

Mzee akakaa kwenye mzani.

Ilikuwa hivi. Makarani walikuwa wawili, kila mtu na kompyuta yake, ila jedwali la mizigo moja. Jovina aliipanga kompyuta iangalie namba ya mwisho, iongeze moja, fomu ikifunguliwa tu. Sasa siku ya kuleta gunia, mzee naye, Mfipa gani anakatisha salamu? Akauliza watoto, akauliza mama, akafika kwenye ng'ombe, fomu iko wazi haijahifadhiwa. Karani wa dirisha la pili akafungua fomu ya Kashinje. Kompyuta ikaona namba ya mwisho bado ile ile, ikampa na yeye.

"Kumbe salamu zangu ndo zimeniponza."

"Salamu haina kosa, babu. Mimi ndo nilitoa namba mapema."

Jovina akapiga simu, kaweka sauti kubwa.

"Kashinje, ule ulezi mmeshauloweka?"

"Mke wangu kaenda kuteka maji ya kulowekea, tupike pombe. Kwani vipi?"

"Msiuloweke. Ni mbegu ya mtu."

"Ndo maana. Wetu mwekundu, huu mweusi. Nikajua umechoka kukaa ghalani."

Mzee akajifuta macho kwa kofia.

Wakati lori lenye Kashinje na gunia linapanda kutoka bondeni Mtowisa, Jovina akarekebisha: namba sasa itoke pale mzigo unapohifadhiwa, na jedwali likatae namba iliyokwisha kutumika. Mzee akamwombea baraka mpaka wajukuu ambao hawajazaliwa.

Kashinje akashusha gunia, anacheka. "Mzee, nusura nikunywe."

"Ungelewa vibaya, mwanangu. Mkeo anaitwa nani?"

"Shija."

Theodory akafungua gunia, akachota ulezi, akajaza kofia ya Kashinje mpaka ukamwagika.

"Mpelekee akapande. Mwambie Theodory anashukuru sana kwa kuchelewa kwake kisimani."