Maji ya Nallaneri

Thenmozhi alisimama kwenye kaunta ya Basha, muuza vipuri vya kompyuta wa mtaa wa Ritchie, Chennai, ameshika pampu mkono mmoja na rejeta ya alumini mkono wa pili. Joto la Mei lilikuwa limepamba moto, na kompyuta yake, aliyotaka kuifungia mfumo wa kupoza kwa maji, ilikuwa ikizimika kila alipofika katikati ya kazi.

"Irudishe hiyo, dada," Basha akasema. "Bamba la kupozea ni la shaba. Shaba na alumini zikinywa maji mamoja zinalana. Chukua rejeta ya shaba."

"Ya shaba unanikamua, kaka."

"Basi kanunue feni ya mkono, uipepee kompyuta."

Akachukua ya shaba, na mipira, na tangi la kioo dogo kama bilauri, na chupa ya maji ya betri. Basha akamkanya asitie maji mengine mle. Ushauri wa bure huo, maji mengine yenyewe angeyatoa wapi: mtaani kwa kina Thenmozhi bomba lilikauka tangu Februari, watu wanaishi kwa maji ya boza.

Kazi yenyewe ilikuwa filamu ya kompyuta ya Bwana Dhandapani, mjenzi, kuonyesha maghorofa yatakayosimama juu ya kipande kilichobaki cha ziwa Nallaneri. Kipande cha kwanza alikwisha kukifukia, pamoja na nyumba ya Pachaiammal, mama yake Thenmozhi. Ijumaa wakubwa wa jiji wangetazama filamu, wakubali au wakatae.

"Umekosa mtu mwingine wa kumtumikia?" mama aliuliza.

"Kodi tutalipa kwa hasira zako, amma?"

Kwao mashine mpya haiwashwi kikavu. Hupakwa msandali, ikanyunyiziwa maji matakatifu. Wenzao huweka kwenye pembe ya sala kijungu cha maji ya mto Ganga. Pachaiammal aliweka ya Nallaneri, aliyoyachota siku tingatinga lilipofika mlangoni. Thenmozhi alipoingia jikoni, mama akaona tangi halijajaa vizuri. Akabandua nta ya kijungu, akamimina yote.

"Amma! Basha alisema maji ya betri tu."

"Basha anajua nini kuhusu maji?"

Mashine ikapoa kuliko ilivyotarajiwa. Jioni vidagaa vilikuwa vinapita ndani ya mipira, na Thenmozhi akapunguza kasi ya pampu visiumie.

Filamu nayo ikatoka na ziwa lake. Sebule zilijaa maji hadi magotini, ndege korongo wakivua humo, na katika jiko la kisasa bibi yake, marehemu, alikuwa anasugua masufuria. Thenmozhi alifuta, akarudia. Bibi akarudi na masufuria mengine. Ndipo Thenmozhi alipopandwa na hasira zote alizokuwa akizimeza kwa ajili ya kodi.

"Wapelekee hivyo hivyo," mama akasema.

Akawapelekea.

Ijumaa maji yalitiririka kutoka kwenye skrini yakafika miguuni mwa wakubwa. Wakapandisha viatu juu ya viti, wakaendelea na chai. Mmoja akauliza kama korongo wamo kwenye bei.

"Mandhari ya ziwa," Bwana Dhandapani akajibu. "Wateja watagombania."

Karatasi zilikuwa zimelowa, wakazianika chini ya feni, kisha wakatia saini. Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Wamempisha mpaka migongo imegota ukutani, naye bado anasukuma. Laana iwashukie wenye nguvu.

Jumatatu malori yakaanza kumwaga kifusi Nallaneri. Nyumbani maji ya tangi yakawa mekundu, kisha mazito, na pampu ikakoroma. Pachaiammal akafungua kifuniko, akaanza kuchota udongo kwa kijiko cha chai, akiumwaga kwenye beseni. Alipotoa kijiko kimoja, viwili viliingia.

"Lete nikupokee, amma," Thenmozhi akasema. Hakurudi tena kwenye kiti chake cha kazi.

Walichota kwa zamu, na kule ziwani malori yakimwaga, hadi tangi likajaa udongo mkavu, mgumu, uliokwisha kushindiliwa.