Paka Mgongoni

Katika nyumba ya Akonkwa, pale Rumonge, paka ndiye aliyekuwa mfanyakazi pekee asiyelalamika. Akonkwa na mkewe Rachelle walihamia hapo kutoka Uvira, wakafanya biashara ya ndagala wakavu, dagaa wa Ziwa Tanganyika, na magunia yakilala sebuleni, paka huyo ndiye aliyeyalinda na panya. Mshahara wake ulikuwa vichwa vya samaki. Likizo hakuwa nayo, maana Elda, binti yao wa miaka mitatu, alikuwa amemteua kuwa mtoto wake.

Watoto wa kike wa huko hujifunza mapema kubeba mgongoni. Huyu hubeba kigunzi cha mahindi, yule mwanasesere wa majani ya mgomba. Elda alipewa vyote akavitupa. Alitaka anayepumua. Basi Jumapili moja, wametoka kanisani na Rachelle yuko na furaha zake, akamlaza paka mgongoni mwa mwanawe, akamfunga kwa kitenge barabara, kama anavyofungwa mtoto wa watu. Watu wa ua mzima wakavunjika mbavu. Marguerite, mama mkwe wake, akapiga makofi. Picha zikatumwa hadi Uvira, na mashangazi wa huko wakajibu kwamba mtoto ana malezi.

Paka alilia, na kilio chake kikaonekana kichekesho zaidi. Masikio yalilala, mkia ukapigapiga, na kati ya watu wazima saba waliokuwapo, na shule zao na ubatizo wao, hakuna aliyeelewa anaambiwa nini. Elda akakaza kitenge. Paka akachomoa mguu mmoja, akamkwaruza shavu.

Hapo kicheko kikapata udhuru, kikaondoka. Rachelle akamwosha mwanawe jeraha, chini kidogo tu ya jicho, kwa sabuni na maji mengi. Aliporudi uani, mahakama ilikuwa imeshakaa na kumaliza. Marguerite alikuwa shahidi, mwendesha mashtaka na jaji, kazi tatu bila posho. Ubaya wa mnyama huyo, alisema, aliuona machoni mwake tangu zamani. Waliopiga picha wakakumbuka kwamba nao walikuwa na wasiwasi. Hukumu: akatupwe kijijini Kizuka kwenye michikichi, akajitafutie. Akonkwa, mwanamume wa maamuzi, alikuwa ameshamtia guniani na kulifunga kwa kamba. Gunia lilitulia kimya. Kimya hicho ndicho kilichomuuma Rachelle.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni; ua ule ulichukua nusu ya kwanza. Rachelle alijua kwamba akinyamaza atabaki mke mwema, na paka hatafika Jumatano mbele ya mbwa wa Kizuka. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hii paka haikukosa," akasema. "Mi ndo niliifunga."

Mama mkwe akamuuliza kwa sauti tamu mno, "Sasa tufanye nini, Mama Elda? Tukutie weye mu gunia?"

"Munitie, Mama. Mutoto alikuwa anaumiza mwenzake, na mi nilikuwa nacheka."

Akonkwa akamtazama mkewe, akaitazama kamba, akaifungua. Paka akatoka, akaruka juu ya kabati la sebuleni, akawapa wote mgongo.

Rachelle akamketisha Elda sakafuni. Akamwambia kwamba paka habebwi kwa nguvu, hafungwi, havutwi mkia. Akila au akilala aachwe. Akitaka kuguswa atakuja mwenyewe, na hapo atapapaswa taratibu, mama akiwa karibu. Maneno hayo angeweza kuyasema mwaka mzima uliopita, bure, bila damu. Elda akanyoosha kiganja kuelekea kabati, akangoja. Akangoja sana. Paka hakugeuka.

"Itakuya lini?" akauliza.

"Ikipenda," Rachelle akasema, akaketi kando ya mwanawe, akanyoosha na wake mkono.