Kikomo Alichokishusha Dada

Shemeji yangu ananitia kichefuchefu, na sitaki mtu aniambie nipunguze ukali.

Dada yangu mkubwa anaunda mashine za kutotoa vifaranga. Karakana ni yake, aliianza kwa friji bovu na balbu. Mimi ni fundi umeme wake tu. Oda zilipozidi uwezo, benki zikamzungusha mpaka akachoka. Ndipo akaja shemeji, mume wa mdogo wetu, mtu wa suti na manukato, anayeishi kwa kuwekeza kwenye biashara changa. Kabla ya kukalia stuli yangu aliipangusa kwa leso.

Alitaka kumkopesha milioni ishirini. Akaeleza kwamba akipatikana mwekezaji mkubwa, deni na riba yake litageuka hisa, na yeye atakuwa mmoja wa wenye karakana. Miaka miwili ikiisha bila mwekezaji, alipwe pesa zake. Hisa zake zitahesabiwa kana kwamba karakana haizidi thamani fulani, watakayokubaliana leo, hata kama mwekezaji ataiona ina thamani mara kumi. Kikomo alichokuja nacho kilikuwa milioni mia.

Dada aliona haya. Kwetu tumelelewa hivyo: ukitajiwa bei kubwa ya kitu chako, unaishusha, usije ukaonekana unajikweza.

"Mia? Karakana hii?" alicheka. "Shemeji, mimi siyo mtu wa kujitapa. Andika arobaini."

Kikomo kikishuka, mkopeshaji anapata hisa nyingi zaidi kwa pesa zile zile. Shemeji alilijua hilo kama anavyolijua jina la mkewe. Akameza mate, akasema kwa upole kwamba mwenye mali ni yeye Dada, akafuta mia, akaandika arobaini. Halafu, ndugu zangu, akamsifu kwa unyenyekevu wake. Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na Dada akamshukuru.

Miaka miwili ikikaribia kwisha, mwekezaji akapatikana, mwenye kiwanda cha chakula cha kuku, akataka robo ya hisa. Siku ya kutia saini wakili wake alipiga hesabu mbele yetu. Deni likishageuka, Dada anabaki chini ya nusu. Kwa kikomo cha mia angevuka nusu, na neno la mwisho lingekuwa lake. Kukataa hakukuwezekana: deni lingetakiwa mwezi ule ule, na pesa zilikwisha kuwa mabati na waya.

Dada alimgeukia shemeji, akamuuliza kwa nini hakumwambia.

"Lakini Dada, si wewe mwenyewe uliyeshusha?"

Alisema akitabasamu. Nilitamani kumtapikia suti yake.

Dada akatia saini. Jambo la kwanza alilotaka mwekezaji ni kufuta mauzo ya malipo kidogo kidogo, ambayo ndiyo wafugaji wadogo wanayategemea. Dada akakataa. Ikapigwa kura, mwekezaji akanyoosha mkono. Shemeji naye akanyoosha wake, huku macho yamekwama mezani, na mjadala ukaisha.

Dada akakusanya mkoba wake, akauliza kama anaweza kurudi karakanani, kuna mashine ya mteja haijafungwa waya. Shemeji akamtazama mwekezaji kwanza, ndipo akamjibu.